Kina

Alifika masijala saa tatu kasoro,
Bibi Ndalu Chilongani, wa upande wa Chenene,
kandambili zimekula vumbi la safari nzima,
na fundo la kanga mkononi, zito,
nikadhani kaniletea uwele.
Ulikuwa udongo.

"Mbukwenyi," alisema.
Nikaitikia kwa sauti ya chini,
maana ofisini tunasema: Karibu, nikusaidie nini.

Akaweka mezani nakala niliyoichapa mimi mwenyewe:
leseni ya uchimbaji mdogo, hekta nane na nusu,
pembe nne zenye digrii, dakika na sekunde,
na ndani ya pembe hizo shamba lake,
ambalo leseni haikulitaja.

Mwenye leseni si kampuni, wala si mgeni.
Ni Yoramu Masinjisa wa kijiji cha pili,
aliyeuza ng'ombe wawili kulipia ada.
Siku ile niligonga mhuri nikampa mkono.

Nikamweleza bibi kama tulivyofundwa kueleza:
Mama, juu ni kwako. Chini ni mali ya umma.
Hakuna aliyekunyang'anya kitu.
Mtakaa na Yoramu, mtaelewana,
fidia ya mazao ipo, na viwango vipo.

Alisikiliza mpaka mwisho.
Kisha akauliza: "Juu inaishia wapi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Mzizi wa uwele wangu unashuka kiasi cha mkono huu,
mpaka kwenye kiwiko.
Nao umeingia kwa umma bila kibali?
Choo nimechimbisha futi kumi na mbili.
Kisima, mwaka ule wa njaa, tulishuka
mpaka aliyekuwa chini akauliza kama kumekucha.
Na Mbeleje, mume wangu, nimemlaza futi sita.
Niambie, mwanangu, wewe uliyesoma:
yuko kwangu, au yuko kwenu?"

Feni ilizunguka. Mtu wa foleni akakohoa.
Nikafungua sheria, nikapekua kwa kidole:
vito, metali, madini ya ujenzi,
mrabaha, ada ya mwaka, faini ya kuchelewa.
Kaburi limo! Nilifurahi kama niliyeokota noti.
Nikamsomea: lisiguswe bila ridhaa ya mamlaka husika.

"Hiyo mamlaka," akasema, "ilikuwepo tukizika?"

Niligeukia fomu zetu. Visanduku ishirini na viwili:
jina kamili, anuani, simu ya mkononi,
urefu, upana, eneo, aina ya madini.
Kushoto tumepima. Kulia tumepima.
Kwenda chini hakuna kisanduku.

Basi nikaandika, kwa kalamu ya bluu,
kwenye folio ya tatu ya jalada la Yoramu:
*Mlalamikaji anauliza juu inaishia wapi.
Naomba mwongozo.*

Jalada likapanda ghorofa ya pili.
Likakaa kwa wanasheria mfungo mzima na sikukuu yake.
Likahamia kwa wapima ramani,
wakarudisha: suala la kisheria.
Wanasheria wakarudisha: suala la kitaalamu.
Mkubwa mmoja akaandika *Imeonekana*, akatia saini
nzuri, yenye mkia.
Mwingine akaandika: *Rejea folio ya tatu.*
Nikarejea. Nikakuta mwandiko wangu.

Yoramu amepiga simu mara nne.
Ana pampu ya kukodi, na kila siku inahesabiwa.
Bibi Ndalu hana simu,
ila mwezi uliopita alimtuma mjukuu,
mtoto wa darasa la tano, aje tu asimame dirishani.
"Bibi anauliza mmefika wapi kushuka."

Lile fundo aliliacha mezani kwangu.
Alisema ni mfano, ili wakubwa wasihukumu wasichokigusa.
Kanga nilimrudishia.
Udongo nimeutia kwenye boksi la karatasi za kuchapia,
chini ya meza, karibu na miguu yangu.

Mfagizi ameniuliza mara mbili autupe wapi.
Nimemwambia asubiri kwanza.
Sijajua kama ni wa juu.